Mume Wangu, Mimi na Vumbi la Nyamongo

Kazi yangu ni kupima vumbi la watu wengine. Nilichelewa sana kulitazama lile lililokuwa likiingia nyumbani kwangu kila jioni, juu ya ovaroli ya mume wangu.

"Mwache! Usimbebe!"

Sauti ilinitoka kabla sijaifikiria. Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa saba, msimu ambao upande ule wa Tarime mvua imekata na kila gari likipita linaacha wingu nyuma yake. Binti yetu wa miaka miwili alikuwa ameshakimbilia mlangoni, mikono juu, kumpokea baba yake kama kawaida. Mume wangu alikuwa ameinama kumnyanyua. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa imegeuka kijivu. Kwenye nyusi, kwenye ndevu, hata kwenye kope, vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kama unga kwa mpika maandazi.

Akamwachia mtoto taratibu. Akaniangalia.

"Kwani mimi nimekuwa mzoga?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akageuka, akatoka. Ugali ulipoa mezani. Alirudi saa sita usiku akalala ameelekea ukutani, na kwa siku tatu tukawa tunaongea kwa kupitia mtoto: "Kamwambie baba chai tayari." Shosti, kama umeolewa unazijua hizo siku.

Leo nataka kukusimulia tulikotoka na tulikofika, kwa sababu najua si sisi peke yetu. Mume wako anaweza kuwa fundi wa gereji, mchomeleaji vyuma, fundi wa betri au mpaka rangi. Anarudi nyumbani na kazi yake ikiwa imemng'ang'ania mwilini. Na wewe, kwa mapenzi yako yote, unampokea kwa kumkumbatia.

Mapenzi ya mbali, hela ya karibu

Tulikutana chuoni. Yeye alisoma uhasibu, mimi nikasoma kemia. Nilipata kazi maabara, yeye akatembeza bahasha miaka miwili bila kuitwa hata kwenye usaili mmoja wa maana. Mwisho akarudi kwao Nyamongo, akaweka akiba yake kwenye karasha pamoja na wenzake watatu.

Kwa usiyejua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe kwenye viroba, karasha linayageuza kuwa unga, unga unapelekwa kwenye mwalo kuoshwa, kisha zebaki inatiwa ili ikamate chembe za dhahabu. Ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu unachomwa kwenye moto, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Ndiyo hela iliyotujengea vyumba vitatu na kumlipia mdogo wake ada. Sitaki umwone mume wangu kama mtu asiyejali. Alikuwa anajali kwa njia aliyoijua, nayo ni kuleta mkate nyumbani.

Mimi nilikuwa nakaa Mwanza kikazi, natoka huko kwenda Nyamongo kila nilipopata likizo. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, tulikojenga. Na kila nikifika, kazi yangu ya kwanza ya kuonyesha mapenzi ilikuwa ipi? Kufua nguo za mume. Nilikuwa nazikung'uta kwanza, pa! pa! pa!, halafu ndiyo naziloweka. Mimi huyuhuyu, mwenye shahada ya kemia, nilikuwa nasimama katikati ya lile wingu huku nikiimba.

Kumbe vumbi si vumbi tu

Mwaka huohuo wa ugomvi wetu nilipata safari ya kikazi iliyonipeleka hukohuko Mara. Tulikuwa timu ndogo ya kupima chembe za hewa, upande wa Tarime na upande wa pili wa Mto Mara, wilaya ya Serengeti. Majibu ya kazi ile ni mali ya waliotutuma, hayatatoka kwangu hapa. Ila namna inavyofanyika nitakueleza, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Kwanza kuna pampu. Inavuta hewa kwa kasi inayojulikana, kwa mfano lita 16.7 kwa dakika. Piga hesabu: kwa saa 24 imevuta mita za ujazo 24. Kichwa cha pampu kimetengenezwa kiasi kwamba chembe kubwa zinabaki nje na ndogo zinaingia. Tunazungumzia chembe zenye upana wa chini ya maikromita 10, na nyingine chini ya 2.5. Unywele wako mmoja una upana wa maikromita kama 70. Kwa hiyo lile vumbi unaloliona linapepea kwenye mwanga wa dirisha ni la kwako kupiga chafya. Linaloshuka mpaka mwisho wa mapafu hulioni kabisa.

Ndani ya pampu kuna kichujio, duara jeupe kama kisosi cha mwanasesere. Kabla ya kwenda nacho kazini kinakaa kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, kisha kinapimwa kwenye mizani inayohisi hadi sehemu moja ya milioni ya gramu. Kikirudi, kinakaa tena palepale na kupimwa tena. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi.

Na ni uzito mdogo usiofikirika. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kwamba kwa saa 24 chembe hizi za maikromita 10 zisizidi maikrogramu 45 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa pampu yetu hiyo ni kama miligramu moja tu kwenye kichujio. Punje mbili hivi za sukari! Ukizidisha hapo, umeshapita kiwango.

Lakini uzito hauniambii ndani mna nini. Hapo ndipo inakuja mashine ya eksirei. Kichujio kinapigwa miale, na kila metali inajibu kwa nishati zake yenyewe. Kwenye kompyuta unaona minara: huu wa chuma, huu wa zinki, huu wa risasi. Njia nyingine ni kuyeyusha kichujio kwa asidi na kukisoma kwa mashine kali zaidi, inayoona metali zilizo kidogo mno. Na siku zote unabeba vichujio vingine vitupu, unavisafirisha vilevile lakini huviwashii pampu. Navyo vinapimwa, ili usije ukasingizia hewa uchafu uliotoka kwenye mkoba wako.

Baada ya hapo linakuja swali gumu: hii metali imetoka wapi? Udongo wenyewe una metali. Ardhi nyekundu ina chuma tele, hata kama hakuna mgodi wala gari. Kwa hiyo tunachukua kitu ambacho ni cha udongo hasa, kama alumini, tunaangalia uwiano. Kama risasi au aseniki imekaa na alumini kwa uwiano uleule wa udongo wa kawaida, basi ni udongo uliopeperuka. Ikizidi mara kumi na kuendelea, hapo kuna mkono wa kitu kingine. Potasiamu nyingi kwenye chembe ndogo inanong'ona moshi wa kuni na nyasi zilizochomwa. Zinki na shaba zinaweza kutoka kwenye tairi na breki. Aseniki ni rafiki wa zamani wa mawe ya dhahabu, mara nyingi wanakaa mwamba mmoja.

Ndiyo maana ulazima wa kupima ng'ambo mbili za mto. Ukiweka pampu Nyamongo peke yake utajua kuna vumbi, basi. Unahitaji na sehemu nyingine yenye udongo unaofanana, mbali na barabara, mbali na karasha, ili uwe na cha kulinganisha. Na unarudia kiangazi na masika, maana mvua ikinyesha inafagia hewa yote.

Sayansi hii si ngeni kwetu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa chembe za hewa ya Dar es Salaam uliosomwa kwa njia hiihii ya eksirei. Miaka hiyohiyo Stelyus Mkoma alipima chembe za Dar es Salaam na Morogoro akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Jirani zetu Nairobi walikusanya vichujio kuanzia 2008 hadi 2010, wakakuta udongo unaopeperuka na magari, kwa pamoja, vinachangia karibu robo tatu ya chembe ndogo. Na vipimo vina faida: nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya sayansi kuonyesha inachowafanya watoto.

Kule kwetu Mara, kelele nyingi zimekuwa za maji, na zina sababu. Mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, uko hapohapo Nyamongo, kama kilomita 20 kusini ya mpaka wa Kenya. Mwaka 2009 kulikuwa na kilio kikubwa cha Mto Tigithe, na mwaka huohuo watafiti Manfred Bitala, Charles Kweyunga na Mkabwa Manoko wakatoa taarifa ya metali nzito na sianidi kwenye udongo, tope na maji ya maeneo yale. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusu bwawa la topesumu. Mtu anaweza kukataa kunywa maji ya mto. Kukataa kuvuta hewa hawezi, na kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo hewa ndiyo inayobeba unga wa mawe siku nzima.

"Huyo mkeo kakuchoka"

Sasa turudi nyumbani. Baada ya zile siku tatu za kununiana nilijaribu kumweleza mume wangu. Nikakosea tena. Nikamwaga kemia yote mezani kama niko kwenye semina. Akanisikiliza, halafu akasema neno moja lililonikata maini.

"Wakati vumbi hili linajenga nyumba halikuwa na sumu. Leo umepanda cheo, ndiyo limekuwa na sumu."

Mama mkwe naye alikuwa anapepeta ulezi pale uani. Hakuinua hata kichwa. "Mura, huyo mkeo kakuchoka. Mwanamke anayemzuia mume mlangoni, kesho atamzuia kitandani."

Jamani! Nililia. Halafu nikajiuliza kwa nini maneno yangu hayafiki. Jibu lilikuwa rahisi: nilikuwa nazungumzia vumbi, yeye alikuwa anasikia dharau. Mwanaume aliyetoka kupigwa na kelele za karasha tangu asubuhi anasubiri kitu kimoja, mtoto kumrukia. Nilikuwa nimemnyang'anya mshahara wake wa pili, tena mbele ya mama yake.

Pete yangu ilipogeuka nyeupe

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta chumvi. Juu ya kabati la vyombo, nyuma ya kikombe cha mtoto, nikakuta kichupa cha dawa ya kikohozi. Nilipokishika kilikuwa kizito ajabu, kama kimejaa kokoto. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Tone moja la kung'aa likateleza kwenye kidole changu, likagusa pete ya ndoa.

Zebaki.

Nilifuta kwa haraka, lakini dhahabu na zebaki zikikutana haziachani kirahisi. Pete yangu ya njano ilipata doa jeupe, likatambaa, mpaka nusu ya pete ikawa kama bati. Nilikaa chini. Sikuogopa ile tone moja sana. Nilimwogopa mwanangu na kile kikombe chake. Niliogopa pia kwa sababu mwezi ule tulikuwa tumeshaanza kujaribu kupata mtoto wa pili.

Nikueleze kwa ufupi kwa nini. Zebaki hutoa mvuke hata ikiwa imetulia chupani bila kifuniko, na ukiichoma inapaa kwa wingi. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukivutwa unaingia kwenye damu, unashambulia ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Kwa mama mjamzito unavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Tena vichujio vyetu vya kawaida haviukamati, unapita kama upepo kwenye chandarua. Unajua wataalamu wanaunasa kwa nini? Kwa dhahabu! Hewa inapitishwa kwenye kijimrija chenye dhahabu, zebaki inang'ang'ania pale, kisha inapashwa moto na kupimwa. Yaani pete yangu ilikuwa imefanya kazi ya maabara bila kuajiriwa.

Dunia ilijifunza kuiogopa zebaki huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wenye jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Lakini mkataba unasainiwa mezani, na kichupa kilikuwa kabatini kwangu.

Jioni nikamwonyesha pete. Sikupiga kelele. Akaishika, akaigeuza, akacheka kidogo kama mtu anayelijua tatizo.

"Hii ndogo. Lete jiko la mkaa, naichoma dakika tano, inarudi njano."

"Na zebaki itaenda wapi?"

Akanyamaza. Akaangalia jiko. Akaangalia mtoto aliyekuwa amekaa karibu na jiko hilo akila ndizi. Kisha akaangalia bati juu yetu, ambako kwa miaka moshi wa jiko hilo umekuwa ukipanda. Alikuwa ameshachomea humo ndani, mara ngapi sijui, nyakati za mvua au usiku aliopoogopa wezi.

"Inapaa," akasema. Kwa sauti ya chini sana.

Hapo ndipo nikamsimulia Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 iligundulika kwamba watoto zaidi ya 400 walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kama yeye. Mawe ya kule yalikuwa na risasi nyingi, na yalikuwa yanasagwa vijijini, mengine ndani ya nyua za familia. Vumbi lilitua kwenye vyombo, kwenye mikeka, kwenye mikono ya watoto. Sikumwambia kwamba mawe ya Nyamongo ni kama ya Zamfara. Kila mwamba na siri yake, ndiyo maana tunapima. Nilimwambia kitu kimoja tu: wale baba nao walikuwa wanatafuta ada.

Siku aliyovaa pampu

Cha kushangaza, wazo lilitoka kwake. "Hiyo mashine yenu, kuna ndogo?"

Ipo. Ni pampu ya kuvaa mkandani, ina mrija unaopanda hadi kwenye kola, na kichujio kidogo karibu na pua. Inavuta kama lita mbili kwa dakika, inapima hewa anayovuta mtu mwenyewe badala ya hewa ya mtaa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa kwa siku moja.

Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Mhasibu kavaa bomu!" Akavumilia kutwa nzima. Jioni alinikabidhi kichujio kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi yai. Asubuhi kilikuwa cheupe pe. Sasa kilikuwa cha rangi ya majivu. Kando yake nikamwekea kimoja kilichoharibika siku za majaribio yetu ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, ambacho kisingetumika tena kwenye kazi. Kilikuwa kimebadilika kidogo sana, kama karatasi iliyokaa kabatini.

Sitakutajia namba. Siku moja ya mtu mmoja si utafiti, tena pampu mbili tofauti hazilinganishwi kwa macho. Rangi nayo inadanganya: moshi unatia weusi haraka, wakati metali zenye madhara zinaweza kuwa kidogo na zisionekane. Nilimwambia hayo yote. Baadaye tulipoona minara yake kwenye kompyuta, mrefu kuliko yote ulikuwa wa chuma, na hilo halikunishangaza. Nikamweleza kwamba ile minara mifupi inahitaji siku nyingi na watu wengi kabla mtu hajathubutu kusema neno.

Yeye aliuliza swali lingine. "Kwa hiyo kama hujui, kwa nini nivue nguo mlangoni?"

Nikamjibu, "Kupima ni kazi ya miaka, tena serikali na wenye machimbo ndio wanaopaswa kuilipia. Kuvua nguo ni dakika mbili na ni bure. Nikisubiri majibu yote, mtoto atakuwa ameshakua."

Akatikisa kichwa. Lakini aliyemaliza kesi alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza, ungo mkononi.

"Kwani hilo nalo jipya? Baba yako alipotoka shambani au kwenye ng'ombe alikuwa ananawa mtoni kwanza, ndipo anaingia. Hakuna aliyesema mkewe kamchoka." Akamgeukia mwanaye. "Mura, kesho ugonge msumari kule nyuma. Na wewe mama, umwekee ndoo."

Basi bwana, ndoa yangu ikaokolewa na msumari na ndoo.

Nyumba yetu leo

Nyuma ya nyumba kuna kibanda kidogo cha mabati. Mume wangu anafika, anavua, anaoga, anavaa kaptula na fulana safi. Mtoto ameshajifunza: anakaa kwenye kizingiti anaimba mpaka baba atoke. Akitoka tu, anamrukia. Dakika kumi za kusubiri, na lile kumbatio limebaki palepale. Nakuambia ukweli, limekuwa tamu zaidi.

Kwenye karasha wameanza kumwagia mawe maji kabla ya kusaga. Uchomaji wa zebaki haufanyiki tena nyumbani, na wanachangishana kununua chombo kinachofungwa ili kuunasa mvuke urudi kuwa zebaki. Mabadiliko hayakuja siku moja, na bado tunagombana. Juzi nilikuta soksi zake za kazi chini ya kitanda!

Mambo saba kwa wewe na mwenzi wako

1. Nguo za kazi ziishie kazini au nje. Kama hakuna pa kubadilishia, tenga kona nje ya nyumba, na begi maalumu la kuzibebea. Viatu pia visiingie ndani.

2. Usizikung'ute. Ziloweke moja kwa moja kwenye maji, zifuliwe peke yake, kamwe si pamoja na za mtoto. Maji yake usimwagie mchicha wala karibu na kisima.

3. Usifagie vumbi likiwa kavu. Nyunyiza maji, au piga deki kwa kitambaa kibichi. Futa meza na vyombo kabla ya kula, na mtoto anawe mikono kila mara.

4. Leso au khanga puani haizuii chembe ndogo. Inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi inayobana usoni. Bora zaidi ni kulizuia vumbi linakotoka, kwa kulowesha mawe.

5. Zebaki isiingie ndani ya nyumba. Isichomwe jikoni, na mjamzito au mtoto asiwe karibu hata nje. Ikimwagika usiifagie. Toa watu, fungua madirisha, vua pete na bangili za dhahabu, ikusanye kwa vipande vya karatasi ngumu na uifunge kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza.

6. Mkienda kliniki, mwambieni daktari kazi mnayofanya. Kuna kipimo cha damu kwa risasi na cha mkojo kwa zebaki. Kwa wanaovuta vumbi la mawe, kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu bila kuchelewa. Watoto wale vizuri: mboga za majani, dagaa, maziwa. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hunyonya risasi kwa urahisi zaidi.

7. Chagueni wakati wa kuongea. Usimsubiri mlangoni na lawama. Anza na "nakusubiri kwa hamu," kisha ndiyo umwonyeshe ndoo ilipo.

Wengi wananiuliza pete iko wapi. Iko kwenye kichupa, nimekikaza kifuniko, nyeupe nusu na njano nusu. Mume wangu bado anaweza kuirudisha njano kwa dakika tano za moto, na sonara yeyote wa pale sokoni angeifanya kwa hela ya soda. Nimekataa mpaka chombo cha kunasia mvuke kipatikane. Kidole kiko wazi kwa sasa, na wambea wameshasema ndoa imekufa.

Waache waseme. Wanaona kidole tu. Hawamwoni mwanaume anayeoga nyuma ya nyumba kila jioni, kabla hajamgusa mwanaye.